KAWEKA MAIKI SHINGONI! Huyu mvunja shingo wetu wa Tanga leo kavuka mpaka

Kifundo_Chumbageni

Wakuu, mods msiuhamishe huu uzi, uacheni hapahapa watu wauone.

Yule bwana anayezungusha watu shingo hadharani mnamjua. Msijifanye hamumjui. Koti jeupe, spika mbili, kiti kimoja cha plastiki. Leo jioni kaweka MAIKI shingoni mwa mama wa watu. Maiki. Shingoni. Ili mlio usikike mpaka Raskazone. Nadhani hata meli bandarini zilijibu honi.

Hajauliza swali hata moja. Kamkalisha, mkono mmoja kidevuni, mwingine kisogoni, kazungusha kichwa mpaka mwisho wake, halafu kaongeza ile ya ghafla. KWAAA! Spika zikapokea. Umati "yalaaa!" Naye: "Mfupa umerudi mahali pake!" Ulikuwa umekwenda wapi, Pangani?

Ule si mfupa. Kiungo kina ute, na kwenye ute kuna gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za kiungo zikiachanishwa ghafla, shinikizo linashuka, gesi inajikusanya povu, mlio unatoka. Ni ndugu yake kualisha vidole. Kikishaalika, kiungo kile hakialiki tena mpaka zipite kama dakika 20. Sasa mmeelewa kwa nini kila mlio ana shingo mpya na harudii ileile palepale? Na kama mfupa umerudi kwao, mbona kesho asubuhi shingo hiyohiyo inaalika tena? Ulilala nje?

Shingo ina pingili 7. Kulia na kushoto kuna ateri zinazopeleka damu ubongo wa nyuma. Zinapenya vitundu vya pingili kuanzia ya 6 mpaka ya 1, na pale juu kabisa zinakata kona kali kabla ya kuingia kwenye fuvu. Kona hiyo ndiyo inayosokotwa kichwa kikizungushwa hadi mwisho. Ukuta wa ndani wa ateri ukichanika, damu inaganda hapo, bonge likikatika linakwenda ubongoni. Kiharusi. Ni mara chache, sawa, lakini huwapata hata vijana, na dalili huweza kuchelewa saa kadhaa au siku kadhaa, spika zimeshapakiwa kwenye guta.

Maswali yenyewe hayamalizi dakika tano. Una kizunguzungu? Unaona kitu kimoja viwili? Ulimi mzito, kumeza tabu, ganzi usoni? Umeanguka karibuni? Unameza dawa za kuzuia damu kuganda? Umekaa na vidonge vya steroidi muda mrefu? Unatoka jasho usiku na kukonda? Hilo la mwisho ni kwa sababu TB ya uti wa mgongo ipo, na pingili iliyokwisha kuliwa ukiisukuma inaporomoka. Na kubwa kuliko yote: haya maumivu ya kisogo yameanza lini, na umewahi kuyapata ya namna hii? Maana maumivu mapya makali ya shingo huenda yenyewe ndiyo ateri imeanza kuchanika. Mtu kaja na mchaniko wake, wewe unamwekea MAIKI!

Akaambiwa hayo kwa adabu zote, kabisa. Akajibu kwenye spika: "Hao wa hospitali watakupa mpira wa manati uvute miezi mitatu, mie dakika moja tu." Watu wakacheka.

Mpira wetu wa mazoezi ya viungo kauita MANATI. Halafu kairudisha maiki shingoni mwa mwingine.

Chelewa_Kavu

Shingo imealika na sisi hatukupewa kadi. Hivi ndivyo mji ulivyoharibika.

BabuWaMakorora

Swali la kitaalamu: maiki ilikuwa ya waya au ya bila waya?

Kifundo_Chumbageni

@BabuWaMakorora ya waya mkuu, tena kaizungusha na waya wake! Mama kafungwa kama mzigo wa mkonge!

Ngamiani_Asilia

Wivu wa biashara huu, tusidanganyane. Mtoa mada kataja maiki mara nne na mgonjwa mara moja. Kilichomuuma ni manati.

Daftari_la_Zamani

Tuweke rekodi sawa kidogo kabla hamjatupa maji na mtoto. Huyu anajiita kairopraktiki, yaani mnyoosha pingili kwa mikono. Fani hiyo inahesabiwa tangu 1895, Davenport, Iowa, Marekani, na mwanzilishi ni Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa sumaku na kuwapitishia mikono. Mtu wake wa kwanza, Harvey Lillard, alikuwa msafishaji wa jengo na hasikii vizuri. Palmer akambonyeza pingili, ikadaiwa masikio yamefunguka. Tatizo ni kwamba mshipa wa fahamu wa kusikia unatoka sikio la ndani kwenda ubongoni humohumo ndani ya fuvu, mgongoni haushuki. Kwa hiyo hadithi ya mwanzo kabisa ina nyufa.

Lakini aliyesomea leo ni mtu mwingine. Huko Marekani anakaa chuoni miaka, anapima nguvu za mikono, anagonga goti kwa kinyundo, anatazama hisia za ngozi, na anajua wa kumkataa. Kwa kiuno kinachouma kawaida, kunyooshwa kunasaidia kiasi, takriban sawa na mazoezi. Sawa na manati, kwa maneno mengine.

Kifundo_Chumbageni

SI MANATI.

Mama_Vibibi

Mie nataka mumseme kwa ule mchezo wa miguu. Anamlaza mtu chali, anashika visigino, "tazameni, mguu wa kulia mfupi!" Anavuta, anapapasa, "tazameni, umelingana!" Shoga, ukimlaza mtu nyonga imeinuka upande mmoja, mguu wowote utaonekana mfupi. Na ukisukuma kiatu kidogo tu kuelekea kwenye kisigino, umepata sentimita ya bure. Anayepima kweli anachukua tepu, kutoka ile nundu ya mfupa wa nyonga kwa mbele hadi kifundo cha mguu upande wa ndani, anapima mara mbili, kisha mguu wa pili. Tofauti ya nusu sentimita wanayo watu wengi na wanacheza mdundiko.

Chelewa_Kavu

Nyie mnalia na maiki, na wale wa dukani wanaochoma sindano ya maumivu, diklofenaki, kila mwenye kiuno hamuwaoni? Mtu hajakaa sawa, miligramu 75 ishaingia. Hajaulizwa vidonda vya tumbo, figo wala presha. Na wanapochoma sasa! Tako ligawe mafungu manne, sindano inaingia fungu la juu la nje. Ukishuka chini ukaelekea katikati unaikuta njia ya mshipa mkubwa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ukiuchoma huo, mtu anaondoka anaburuta unyayo. Kaja na kiuno, kaondoka na mguu.

Ngamiani_Asilia

Afadhali sindano ina kimya chake. Haina spika.

BabuWaMakorora

Tanga waja leo waondoka leo, ila huyu bwana kaja na kiti chake kabisa, hataki kuondoka.

Mama_Vibibi

Na viuno vyenyewe mnajua vinatoka wapi? Kibao cha mbuzi! Mtu anakaa chini, magoti juu kuliko nyonga, mgongo umepinda kama upinde, anasukuma nazi tatu mfululizo. Mgongo ukipinda mbele hivyo, diski, ule mto ulio kati ya pingili, inabanwa mbele, ule ute wake wa kati unasukumwa nyuma, kwenye mishipa ya fahamu. Pingili mbili za mwisho za kiuno ndizo zinazoonja joto. Inueni mbuzi juu ya benchi au matofali mpaka nyonga zipite magoti. Kila kifuu kikiisha simama, mikono kiunoni, jipinde nyuma taratibu mara 5 hadi 10. Bei bure, na haina maiki.

Nyundo_ya_Pili

Mama Vibibi kasema kweli, ila kaacha ndoo. Lita 20 ni kilo 20, nanyi mnaibeba mkono mmoja huku mwili umelala upande wa pili. Gawa mbili za lita kumi, kulia na kushoto. Na kiuno kikikamata msilale wiki nzima! Siku moja au mbili basi, kisha tembea kidogokidogo. Kitambaa cha maji ya moto dakika 15 hadi 20, siyo mpaka ngozi ibabuke. Hata maumivu yanayoteremka mguuni, mengi yanapungua ndani ya wiki 6 hadi 12.

Isipokuwa haya: mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, miguu yote miwili inalegea, au ganzi imeshika pale sehemu za siri na makalioni, panapogusa kiti cha baiskeli. Hapo ni hospitali ya Bombo usiku huohuo, usisubiri kupambazuke. Mishipa ya fahamu ya chini imebanwa, kila saa ina hesabu yake.

Pedali_Moja

Ngoja, ngoja. Ganzi panapogusa kiti cha baiskeli? Nusu ya mji huu inaendesha baiskeli. Tukalale Bombo wote?

Nyundo_ya_Pili

@Pedali_Moja ganzi ya kiti inaondoka dakika chache baada ya kushuka, na mkojo uko kama kawaida. Ile nyingine haiondoki. Ya kiti ni kosa la mafundi wetu, ncha ya kiti wanaiinua juu kama pua ya ndege. Ilaze bapa.

BabuWaMakorora

Mafundi wa baiskeli! Hao ndio wa kufunguliwa uzi! Wanashusha kiti chini eti usalama, mtu anaendesha magoti yanagonga kidevu, halafu anasema goti linauma kwa mbele.

Pedali_Moja

Kiti kipande kiasi gani basi?

Nyundo_ya_Pili

Keti, pedali iwe chini kabisa, weka kisigino juu yake: mguu unyooke. Ukihamia kwenye unyayo wa mbele, goti litabaki limekunjika kidogo. Kama nyonga zinayumba kulia na kushoto ukiendesha, umezidisha, shusha. Na msivute bomba la kiti lote nje, angalau vidole vinne vibaki ndani ya fremu, la sivyo linakatika.

Kifundo_Chumbageni

Jamani, turudi kwenye maiki. Kaweka maiki SHINGONI.

Mama_Vibibi

Mwaya tumesikia. Nyundo, na usukani je? Wa mwanangu uko chini sana, akiendesha anakuwa kama anatafuta sarafu.

Nyundo_ya_Pili

Uwe usawa wa kiti au juu yake kidogo, asilale sana mbele. Legeza ile nati ya juu mizunguko miwili mitatu, usiifungue yote, igonge kwa kipande cha mbao mpaka bomba liachie ndani, ndipo uvute.

Chelewa_Kavu

Spana namba ngapi?

Kifundo_Chumbageni

13 mara nyingi. Jaribuni na 14.