Tupeane uzoefu: ulianza lini kujiandaa kuuza biashara yako?

Mwanzisha mada
Wakuu, nawasalimu. Hapa Moshi limefungwa duka la vipuri ambalo wengi wetu tumelifahamu tangu utotoni, lenye wateja kutoka Rombo hadi Same, na mlangoni kumebandikwa tangazo la kuuza rafu na kaunta. Jina na wateja vilivyojengwa kwa miaka mingi havikupata bei hata kidogo. Kila siku tunafundishana namna ya kuanzisha biashara na kutafuta mtaji, lakini ni nadra kumsikia mtu akieleza namna alivyotoka. Waliouza, walionunua na walioshindwa kuuza, naomba mtueleze, na hasa mtaje maandalizi yalianza lini.

Mpangaji wa Kariakoo
Mimi nasema kwa upande wa mnunuzi. Nilikuwa tayari kulipa kilemba kizuri, yaani fedha za kumlipa mpangaji aliyepo ili aniachie nafasi, kwa fremu ya mikoba ya jumla, kwa sababu mwenyewe alikuwa na wateja wa uhakika kutoka Zambia na Kongo. Nilipoomba mkataba wa pango nilikuta umebakiza muda mfupi na hauna kifungu kinachomruhusu kumkabidhi mtu mwingine, na majina ya wateja wote yalikuwa kwenye simu yake binafsi. Nilimpa chini ya nusu ya alichotaka, naye akakubali kwa kuwa alihitaji fedha haraka za matibabu. Angezungumza na mwenye nyumba mwaka mmoja kabla, ningelipa bei yake yote bila kubishana.

Msukuma wa Kirumba
Ni kweli kabisa. Haraka humpunja muuzaji kuliko dalali yeyote.

Binti wa Ubaruku
Nimesoma hadi hapa nimeshindwa kunyamaza. Baba yetu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, na kama mnavyoijua kazi hiyo, wakulima huacha magunia yao ghalani wakisubiri bei ipande. Baba alikuwa mwaminifu kiasi kwamba hakuna aliyedai stakabadhi: alikumbuka kwa kichwa magunia ya nani yapo upande gani, nani amekopa fedha za palizi na nani amekwisha kulipa. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya mjini alikuwa amemtajia bei nzuri mara kadhaa, lakini baba alijibu kwamba bado ana nguvu.

Kisha akapata kiharusi, na sauti ikaondoka. Habari ilipoenea, wakulima walikuja nyumbani siku moja kwa pamoja, wakakaa uani, na mmoja baada ya mwingine akataja idadi ya magunia yake mbele ya baba, naye akisikiliza bila kuweza kusema ndiyo wala hapana. Jumla ya magunia waliyotaja ilizidi yaliyokuwepo ghalani. Sijapata kuona aibu kama ile kwenye uso wa mtu asiye na kosa.

Tulimwita yule mfanyabiashara. Aliomba hesabu za miaka mitatu, orodha ya mpunga wa watu na hati ya kiwanja. Hesabu hazikuwepo, orodha haikuwepo, na kiwanja kilikuwa bado kwa jina la marehemu baba mkubwa, ambaye mirathi yake haikuwahi kufunguliwa. Akaunti ya benki nayo ilihitaji saini ya baba peke yake. Mwishowe alinunua mashine tu, akazing'oa na kuzipakia kwenye lori, kwa bei isiyofika theluthi ya ile ya awali, na sehemu kubwa ya fedha hizo ililipa magunia yaliyopungua.

Mpangaji wa Kariakoo
Pole sana, dada. Na kiwanja kiliishia kwa nani?

Bint Chumbageni
Pole, ndugu yangu. Nami nauliza hilohilo la kiwanja, kwa sababu familia yetu Tanga iko katika hali hiyohiyo.

Mzee wa Marangu
Poleni na ugonjwa. Hata hivyo, mimi sikubaliani na mada yenyewe. Mali ya mzazi ni ya watoto wake, na mtu anayepanga kuuza biashara angali hai anawanyang'anya urithi. Mngesimama wenyewe mkaiendesha.

Binti wa Ubaruku
Shikamoo, mzee wangu. Kaka yangu ni mwalimu Songea, mimi ni muuguzi, na mdogo wetu yuko chuoni. Hakuna kati yetu aliyewahi kufundishwa kazi ile, na baba mwenyewe ndiye aliyetusomesha ili tusiifanye. Fedha za bei ya kwanza zingekuwa urithi mkubwa kuliko ghala tupu. Kuhusu kiwanja, shauri la mirathi ya baba mkubwa liko mahakama ya mwanzo, na binamu zetu wanasema ghala ni lao.

Mhasibu wa Morogoro
Nieleze mambo ambayo wengi huyagundua mnunuzi akiwa tayari mezani. Ukiwa umesajili jina la biashara tu BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na kampuni, biashara ni wewe mwenyewe: TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni yako, haihamishiki, na mnunuzi hukata leseni yake upya. Ukiwa na kampuni unaweza kuuza hisa, na mikataba ikaendelea kwa jina la kampuni, ila faida ya mauzo ya hisa hutozwa kodi, hati ya uhamisho hulipiwa ushuru wa stempu, na BRELA huhitaji uthibitisho wa TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kusajili mabadiliko. Tena, zaidi ya nusu ya umiliki ikibadilika, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huichukulia kampuni kana kwamba imeuza mali zake, kwa hiyo mtafute mtaalamu kabla ya kukubaliana bei.

La pili ni mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kielektroniki. Anayeuza bila kutoa risiti hawezi kumthibitishia mnunuzi faida yake, kwa sababu karatasi zinaonyesha duka dogo na mdomo unataja duka kubwa.

Msukuma wa Kirumba
Mhasibu, mnatutisha. Mfanyabiashara mdogo akianza kampuni na ukaguzi wa hesabu, gharama zitammaliza kabla hajapata wa kumuuzia.

Mhasibu wa Morogoro
Sikusema kila mwenye genge afungue kampuni. Nimesema aandike mauzo yake, na fedha za duka zisichanganywe na za nyumbani. Daftari la kaunta halimmalizi mtu.

Mama Mikate, Mwanza
Nilikuwa na kiwanda kidogo cha mikate, nikaanza kujiandaa nikiwa mzima, miaka mitano kabla ya kuuza. Nilihamisha biashara kwenye kampuni, nikaandika vipimo vya kila aina ya mkate, nikahakikisha leseni ya alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, haipitwi na wakati, kisha nikamweka meneja na kwenda kukaa na wajukuu Dodoma kwa miezi kadhaa. Mauzo hayakushuka, na hilo ndilo lililompa mnunuzi imani kuliko maneno yangu yote. Wafanyakazi niliwaeleza mapema.

Mpangaji wa Kariakoo
Kuhusu wafanyakazi sikubaliani nawe, mama yangu. Ukiwaambia mapema, mwenye ujuzi anahamia kwa mshindani na wateja wanamfuata. Waambie baada ya kusaini.

Mama Mikate, Mwanza
Mwanangu, mnunuzi wangu aliomba kuzungumza na mwokaji mkuu kabla ya kutoa shilingi moja. Ningemficha vipi?

Bint Chumbageni
Mama, shikamoo. Mnunuzi akitaka kulipa kwa awamu tufanyeje?

Mzee wa Marangu
Fedha taslimu tu, hata kama bei itapungua.

Mama Mikate, Mwanza
Marahaba. Mimi nilipokea awamu mbili. Mkataba uliandikwa na wakili, hisa zilizobaki ziliendelea kuwa kwa jina langu hadi awamu ya pili ilipoingia benki, na nilikubali kwa maandishi kutofungua kiwanda kingine cha mikate mjini Mwanza kwa muda tuliopatana. Ila usianze na mkataba huo, binti yangu. Familia yenu ifungue kwanza mirathi ya kiwanja, kwa sababu wakili wa mnunuzi ataanzia hapohapo.