Tupeane uzoefu: muziki wa Cajun umekupa rafiki au ndugu gani?

Mleta mada, Lafayette:
Wakuu, tulioko Louisiana na Texas najua wapo walionaswa kama mimi na huu muziki wa Cajun, wale wazungu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, tuelezane umekukutanisha na nani. Naanza. Mwaka wa kwanza huku nilikuwa kazi-nyumba, nyumba-kazi, jirani namjua gari tu sura siijui. Jumamosi moja jamaa wa kazini akanibeba mpaka Eunice, dukani kwa Marc Savoy, yule fundi anayetengeneza kodiani, asubuhi watu wanakaa duara wanapiga, hakuna jukwaa, katoto kana fidla kamekaa ubavuni kwa babu wa miaka themanini na wote wimbo mmoja. Mi nimesimama mlangoni na kipande changu cha boudin, soseji yao ya wali na nguruwe, mzee mmoja akanipa ile pembetatu ya chuma, ti-fer, eti gonga. Nikamwambia sijui. Akasema kwani nimekuuliza kama unajua? Nikagonga ovyo kweli kweli, hakuna aliyenifukuza, ila mzee akawa ananigongea goti kwa mguu wake mpaka nikaingia kwenye mapigo. Miaka sita sasa, wanangu wanamwita babu, na mke wangu alipojifungua huyu wa pili ni yeye aliyelala kwetu na yule mkubwa.

Mdau wa Baton Rouge:
Mimi ni mtu wa Bukavu, mutanisamehe Kiswahili ya kwetu. Mimi ni Kifaransa ndiyo ilinifungulia mlango. Wazee wa huku walipokuwa watoto wakisema Kifaransa masomoni walikuwa wanaazibiwa, katiba ya Louisiana ya 1921 iliweka Kiingereza tu, sasa wengi hawakufundisha watoto wao, ikabakia kwa nyimbo. Siku moja kwa dansi, valsi imeisha, nikaongea Kifaransa na mama mmoja mukubwa, akanishika mukono hakuachia tena! Tulibishana sana juu gari yeye anaita char mimi naita voiture. Akaniambia watoto wangu wanaimba hizi nyimbo hawajue zinasema nini, wewe unipigie simu kila siku ya Mungu. Nampigia mupaka leo. Nikichelewa ananigombeza kama mama mzazi.

Mdau wa Houston:
Salaam aleikum. Mie ni wa Unguja, babu yangu alikuwa akipiga kodiani kwenye taarab, basi niliposikia kodiani na fidla pamoja wallahi machozi yalinitoka. Nikajitia fundi, nikaomba nipige. Aibu! Ya babu ilikuwa na vibao kama piano, hii ya kwao ina vifungo 10 tu, ukivuta sauti hii ukisukuma nyengine. Kijana mmoja ndo kanifundisha, nami nikamfundisha kupika pilau, sasa akija Houston hafikii hoteli. Na mama yake kila nikienda keshaniwekea wali wa kamba na sufuria yake mbali, nguruwe asiusogelee.

Mdau mwingine:
Hadithi tamu, ila msipake rangi sana. Amédé Ardoin, mpiga kodiani, alikuwa Mkrioli mweusi, yaani mweusi wa Louisiana anayesema Kifaransa, alirekodi 1929 na Dennis McGee, mzungu, wakawa wanapiga pamoja miaka, na simulizi za kule zinasema alipigwa vibaya sana kisa kupokea leso ya mwanamke mzungu ajifutie jasho. Kakaa kitini ukumbi mzima unacheza muziki wake, akitoka nje ni mtu mwingine. Mimi mweusi nikiingia ukumbi wa vijijini bado naangalia mlango uko wapi.

Mleta mada:
Mkuu uko sahihi, hata mimi mara ya kwanza nilipaki gari likitazama barabara. Na mzee wangu hili haliruki, huwa anasema nyimbo nyingi tunazopiga Ardoin alizipiga kabla yetu. Mwingine anayemtaja sana ni Dewey Balfa, mpiga fidla wa Cajun, kaka zake Will na Rodney walikufa kwa ajali ya gari 1979, walikuwa bendi moja, lakini hakuiweka fidla chini, na binti yake Christine naye akaja na bendi yake.

Mdau wa Houston:
Jumamosi naenda Eunice, natoka saa kumi na moja alfajiri, nafasi mbili zipo. Wa Baton Rouge tukutane hukohuko, na huyo mama yako mchukue.

Mdau wa Baton Rouge:
Nimeshamuuliza. Anauliza huyo wa Unguja anajua valsi ao anajua kodiani tu.