Mashine inajirekebisha yenyewe, lakini chupa mbovu zimeongezeka. Kosa liko wapi?

Zamu ya Usiku:
Wakuu, habari za kazi. Niko kitengo cha ubora, tunajaza sabuni ya maji kwenye chupa za plastiki. Mashine ni ndogo, ina nozeli (mdomo wa kumiminia) moja, inajaza kwa kuhesabu muda. Uzito unaotakiwa ni gramu 500, isizidi wala kupungua kwa zaidi ya gramu 6. Mizani ya kwenye mkanda tunayo siku nyingi, ila kazi yake ilikuwa kusukuma pembeni zilizokosea. Zilikuwa kama 3 katika kila 1000. Mimi nilikuwa natoa chupa 5 kila nusu saa, napima, naandika daftarini, na nikiona wastani umehama namwita fundi.

Mwezi uliopita tukafungiwa programu inayoiunganisha mizani na mashine. Chupa ikizidi gramu 2, mashine inajishusha gramu 2 kabla ya kujaza inayofuata. Ikipungua 3, inajipandisha 3. Tukaambiwa sasa mtapumzika. Tangu siku hiyo zinazotupwa ni 30 hadi 35 katika 1000! Wastani uko palepale 500. Meneja anailaumu sabuni. Sabuni naijua, haijabadilika. Nikitazama skrini inavyohangaika kujisahihisha naona kama ina akili kuliko mimi, ndiyo maana nasita kuishtaki.

Kipimo Kwanza:
Kabla ya kushtaki mtu, pima mizani. Chukua chupa moja iliyojaa, ipitishe mara 20 mkanda ukitembea kwa mwendo wa kazi. Mizani nyingi ni sahihi zikisimama, zikikimbizwa zinabahatisha. Pia pima chupa tupu kama 30, maana mizani haijui plastiki ipi na sabuni ipi.

Zamu ya Usiku:
Nimefanya, mkuu. Chupa ileile imechezacheza ndani ya nusu gramu. Tupu hazitofautiani hata gramu 1.

Mzee wa Chati:
Basi mizani iache. Mhalifu ni hiyo hiyo programu yenye akili.

Kila mashine ina mtikisiko wake wa asili. Yako, kwa 3 katika 1000, ina mtawanyiko (kiasi ambacho chupa kwa kawaida hupishana na wastani) wa gramu 2 hivi: kikomo chako cha 6 ni mara 3 ya hapo, na zinazovuka mara 3 huwa kama 3 katika 1000. Chupa moja ikitoka na 503, huenda mashine haijakosea lolote, ni mtikisiko tu. Programu inaishusha 3. Chupa inayofuata ina mtikisiko wake mwenyewe, na juu yake imebebeshwa adhabu ya mwenzake. Mitikisiko miwili badala ya mmoja. Kihesabu mtawanyiko unazidishwa kwa 1.4 (kipeuo cha pili cha 2), kutoka 2 hadi 2.8. Sasa kikomo cha 6 ni mara 2.1 tu, na hapo zinazotoka nje ni kama 34 katika 1000. Namba zako hizo!

W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu na ubora wa Marekani, alikuwa akiwaonyesha watu jambo hili kwa faneli na gololi. Ukiisogeza faneli kila gololi inapokosa shabaha, gololi zinatapakaa kuliko ungeiacha itulie. Na chati ya kufuatilia ubora aliyochora Mmarekani mwenzake Walter Shewhart mwaka 1924 kazi yake ni hiyo: kukwambia lini uguse na lini mikono ikae mfukoni. Daftari lako lilikuwa linafanya kazi hiyo, pengine bila wewe kujua.

Fundi Umeme:
Naafiki, ila msikimbilie kuzima kila kitu. Nozeli inachakaa, sabuni ikipoa inakuwa nzito na inatoka polepole, wastani utahama kweli na usiku hakuna wa kuuona. Mwambieni mwandika programu aangalie wastani wa chupa 25, si chupa moja. Wastani huo unatikisika gramu 0.4 tu (2 kugawa kwa 5, kipeuo cha pili cha 25), kwa hiyo ukihama zaidi ya 1.2, yaani mara 3 ya hapo, ndipo mashine ijisogeze, na kila inapojisogeza ipige kengele na kuandika saa. Mashine ya kufuma nguo ya Mjapani Sakichi Toyoda ilikuwa inasimama uzi ukikatika. Haikujitia kuunga uzi kimyakimya.

Zamu ya Usiku:
Mrejesho, wakuu. Zamu ya kwanza tulizima kabisa: 4 katika 1000. Meneja akanyamaza, kwake hiyo ni pongezi. Jana tumeweka ya chupa 25. Usiku mzima imejisogeza mara 2 tu, saa 5 na dakika kadhaa, kisha saa 10 alfajiri. Nimelinganisha na daftari la stoo: mara zote mbili ni pale tulipounganisha tangi jipya. Yanalala nje, yanaingia yakiwa baridi, na chupa za mwanzo zinapungua. Leo nimeomba tangi linalofuata liingizwe ndani mapema, muda wa saa 3 kabla ya kuunganishwa.