Naomba ushauri: Law School moja kwa moja, au kazi kwanza?

Wakuu, mdogo wangu amemaliza LL.B (shahada ya kwanza ya sheria) na anaitaka Law School ya Tanzania. Bila stashahada ya chuo hicho haapishwi kuwa wakili; shahada pekee humwachia nafasi chache, nazo zinagombewa sana. Kinachonitisha ni mitihani: mwaka 2022, kati ya 633 walifaulu 26 tu, hadi ikaundwa kamati ya Dk. Mwakyembe, waziri wa zamani, kuchunguza sababu. Mafunzo ni mwaka mzima, pamoja na mazoezi ya vitendo, kwa hiyo kazi ya kutwa haiingii.

Mliopita pale, wengi hukwama wapi: kuandaa hati za madai au mwenendo wa kesi? Na wakili mpya hulipwa mshahara, au asilimia ya ada ya kesi? "Inategemea" sitaki, nipeni viwango.