Naomba ushauri: niwalinganishieje watoto funga za dini mbili za nyumbani?

Mama Pacha: Wakubwa shikamooni. Mimi Mkatoliki, mume wangu Muislamu, ndoa yetu ya bomani, tuko Tanga. Mapacha wetu wako kidato cha pili. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia wiki moja, maneno yakaanza. Kwa bibi yao mzaa mama wanaambiwa Waislamu wamehamishia mlo usiku tu. Kwa shangazi yao, eti Wakristo hawafungi kabisa. Wameniuliza: nani anafunga kweli? Sitaki kuwaingiza kwenye Utatu na Tauhidi, yaani mafundisho ya kila dini kuhusu Mungu. Nataka matendo tu. Nianzie wapi?

Katekista Mstaafu: Marahaba mwanangu. Anza na sheria zilivyo. Kwetu Wakatoliki siku za lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, kuanzia miaka 18 hadi 59. Maji hayakatazwi. Ijumaa za Kwaresima tunaacha nyama, kuanzia miaka 14. Yanayozidi hapo ni hiari, na hiari ni ngumu maana hakuna anayekuangalia.

Bint Mwambao: Hapo pa kuangaliwa, mzee wangu, sikubaliani. Mtu akijifungia bafuni akanywa maji nani atajua? Saumu nayo ni siri yako na Mola wako. Dada, ni siku 29 au 30, alfajiri hadi magharibi, hata funda la maji hakuna. Ila waonyeshe na ruhusa zake: mgonjwa na msafiri wanakula, watazifunga siku hizo baadaye, mzee asiyeweza tena analisha maskini kwa kila siku. Na kabla ya sala ya Idi, zakatul-fitri inatolewa kwa kila kichwa, hata kichanga, pishi ya chakula. Mimi ningelinganisha hapo: baada ya njaa yetu, nani kashiba? Nanyi mna bahasha ya Kwaresima, ya sadaka kwa maskini. Wape waijaze wenyewe.

Msafiri wa Reli: Tunakosea tunapolinganisha mafundisho ya kwetu na tabia za wenzetu. Tena Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga takriban siku 180 kwa mwaka, bila nyama, maziwa wala mayai. Kwa hesabu ya siku wanatupita sote. Lakini nia usiiache nje, Mama Pacha. Pasipo nia, hiyo ni njaa tu.

Mama Pacha: Asanteni sana. Nimemsomea baba yao. Nia atawaeleza yeye wakati wa daku, mimi nikipika. Ijumaa watakuja nami Njia ya Msalaba, na futari ya siku hiyo haitakuwa na nyama: mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, tule wote. Bahasha nimewakabidhi. Bibi na shangazi nitaongea nao mwenyewe.