Canon 6D Mark II au RP kwa kazi za harusi?

Mwambao: Wakuu, nataka kamera ya mtumba. Moja ina kioo ndani, nyingine haina. Bei zimekaribiana. Nichukue ipi?

FundiLenzi: Mkuu, taja ipi ina kioo! Una lenzi gani? Unapiga mchana au usiku?

Mwambao: Samahani. 6D Mark II ndiyo yenye kioo, RP haina. Nina EF 50 mm f/1.8 tu. Kumbi za Tanga, usiku.

Shani: RP bila kufikiria mara mbili. Fokasi inasomwa na sensa ileile inayopiga picha.

KiooSafi: Na betri je? Ya RP imepimwa picha 250 hivi, ya 6D II 1,200. Harusi nzima utabadilisha betri mara ngapi? Tena adapta ya kufungia EF yake kwenye RP itaharibu ubora wa lenzi.

Shani: Adapta ya kawaida haina lenzi ndani. EF inataka milimita 44 toka inapofungwa hadi kwenye sensa, RP ina 20. Adapta inajaza zile 24 kwa hewa tupu.

FundiLenzi: 6D II ni nzuri, ila ikaguliwe. Kioo kikubwa, kilichoinama nyuzi 45, kinapeleka mwanga juu kwenye prizimu, bonge la kioo linaloupeleka kwenye kitundu cha kuchungulia. Nyuma yake kuna kioo kidogo kinachoushusha kwenye sensa ya fokasi. Kikihama kidogo tu, safari mbili za mwanga, ya sensa ya fokasi na ya sensa ya picha, hazilingani: unalenga jicho la bibi harusi, linatoka na ukungu, sikio ndilo limekaa sawa. Kwenye f/8, tundu la lenzi likiwa dogo, huoni kitu; kwenye f/1.8, likiwa wazi kabisa, albamu nzima imeharibika. Funga kamera kwenye stendi, laza rula kwa nyuzi 45, fungua f/1.8, lenga namba 15. Piga kumi ukichungulia kwenye kitundu, kumi kwa skrini, ambayo fokasi yake haipitii vioo. Za skrini zikiwa kali kwenye 15 na za kitundu zikaangukia 17 kila mara, rekebisha kwenye menyu, kuna hatua 20 kila upande. Zikitawanyika ovyo, iache.

KiooSafi: Tanga kuna unyevu, kagua fangasi pia. Mulika tochi kupitia lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ndiyo hiyo.

Shani: Weka silika jeli, vile vichembe vya kunyonya unyevu, kwenye boksi lenye mfuniko wa kubana. Za bluu zikigeuka pinki zimeshiba maji.

Mwambao: Muuzaji wa 6D II amekubali nije na rula kesho. Adapta za mtumba nazo nikague nini?

FundiLenzi: Pini za umeme, na kama inacheza ukiizungusha.