Mawe ya uani kwa Mama

Kikundi: Familia ya Kilifi

Rehema: Salaam aleikum nyote. Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Pesa za uani zimetimia, alhamdulillahi. Ni pale karibu na mwembe, mita 5 kwa 4. Tuamue jiwe la kutandika sakafu.

Mama: Marahaba wanangu. Mungu awazidishie.

Swaleh: Mimi nimependa hii graniti nyeusi iliyong'arishwa. 📷

Mjomba: Marahaba. Swaleh, hiyo iache ndani ya nyumba. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, na mama yako anatembea na mkongojo. Halafu jeusi hushika moto. Saa saba mchana hakuna atakayelikanyaga miguu mitupu.

Saumu: Marumaru nyeupe je? Haishiki joto sana.

Mjomba: Marumaru asili yake ni chokaa. Ndimu inaila, ukwaju unaila, siki inaila. Na samaki wa kupaka dada yangu humpikia wapi? Hapohapo uani. Mtaona mabaka yaliyopoteza mng'ao, msugue kwa sabuni mpaka mchoke. Hayatoki, maana si uchafu, ni jiwe lenyewe lililoliwa.

Saumu: Basi matumbawe, kama nyumba za kale.

Mjomba: Yale ni ya kuta, mwanangu, na wazee waliyapiga lipu ya chokaa. Yana vitundu, yanakunywa maji. Pale kivulini yataota ukijani kila masika.

Rehema: Fundi naye anasema ni Mazeras au Galana tu.

Mjomba: Hapo nakubaliana naye. Yote mawili ni mawe ya mchanga, na uso wake usipong'arishwa hushika mguu hata ukiwa na maji. Mazeras ni hapo barabara ya Nairobi, mnapapita kila siku. Galana hutoka upande wa mto Galana, mto uleule tunaouita Sabaki ukifika Malindi. Lakini msinunue jina, kagueni jiwe lenyewe. Jiwe la mchanga limejengeka kwa matabaka, na bovu lake humenyeka kama kitunguu. Swaleh, ukifika kwa muuzaji ligonge kwa nyundo ndogo. Likilia kwa sauti kali, ni zima. Likitoa sauti ya kufa, lina ufa ndani. Kisha omba vipande viwili uviloweke kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi uvikwaruze kwa ufunguo. Kinachotoa mchanga mkononi, kirudishe.

Swaleh: Sawa Mjomba, Jumamosi naenda. Kuna yale ya vipande visivyo na umbo, bei yake iko chini sana.

Mama: Hayo sitaki.

Rehema: Kwa nini Mama? Yanapendeza.

Mama: Kwa jirani yangu yako hayo. Nafasi kati ya jiwe na jiwe ni pana, mkongojo unazama. Mara mbili nimeshikwa mkono nisianguke. Sijawaambia kwa sababu mngenikataza kutoka.

Saumu: Mama 😢

Swaleh: Basi yamekwisha. Yaliyokatwa mraba, nafasi nyembamba zilizojazwa vizuri. Tutaongeza pesa, hata kama tutangoja mwezi mmoja zaidi.

Mjomba: Vizuri. Na unene usipungue sentimita 2.5. Chini fundi achimbe, ashindilie kifusi sawasawa, kisha zege. Kila sentimita 80 sakafu ishuke sentimita 1, kuelekea bustanini. Kwa mita 4 ni sentimita 5, maji hayatatuama wala hayatarudi mlangoni. Asithubutu kutumia mchanga wa pwani! Ile chumvi hupanda juu ya jiwe, mnabaki na weupe usiokwisha. Na mwembe auache na udongo wake pande zote, mizizi ikinenepa itayanyanyua.

Rehema: Naandika yote haya nimpe fundi.

*Jumapili*

Swaleh: Nimeleta vipande vitatu, vimelala ndooni. Kimoja cha Mazeras kimetoa mchanga. Mazeras ya pili na Galana ziko imara. Nimeviweka chini, nikavimwagia maji, Mama akavikanyaga bila viatu, mimi nimemshika.

Saumu: Akasemaje?

Mama: 🎤 0:14

Rehema: Niko kwenye matatu, siwezi kusikiliza. Niandikieni.

Swaleh: Amechagua Galana, ile ya manjano iliyopauka. Anasema vidole vyake vimetulia.

Rehema: Naagiza mita za mraba 22 basi, hizo 2 ni za kukatwa na kuvunjika.

Mama: Fundi aje mapema kabla ya jua. Nitamwekea mahamri na mbaazi.